Milioni 120 za kumkumbuka mwalimu: kigoda, au mgeni wa kila mwaka?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mhitimu wa hisabati wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naishi Kimara. Mwalimu wetu aliyetufundisha mwaka wa kwanza hadi wa tatu alifariki, na baada ya mazishi kundi letu la WhatsApp likaendelea kuchanga. Sasa tuna shilingi milioni 120. Wengi tunataka kianzishwe kigoda cha uprofesa kwa jina lake, profesa alipwe na mfuko wetu milele, na kila mwaka aalikwe mtaalamu wa hisabati kutoka nje aje kufundisha. Familia ya marehemu inataka iwe na kauli katika kuchagua watu hao. Kampuni moja ya kubeti imeahidi kuongeza milioni 40, mradi jina lake liambatane na la mwalimu. Kwa sasa pesa ziko kwenye akaunti ya watia saini watatu, na wapo wanaosema zibaki hapo hapo. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni sana. Wanafunzi wanaoendelea kuchanga baada ya matanga kwisha ni wachache, kwa hiyo mwalimu huyo bila shaka aliwafaa.

Nianze na jibu lenyewe. Milioni 120 hazitoshi kumlipa profesa milele, wala hata kwa miaka mingi. Zinatosha kumleta mgeni mmoja kila mwaka bila kikomo, mkiwa na nidhamu. Ningekuwa kwenye kundi lenu ningepiga kura ya kuacha kigoda na kushika hilo la pili.

Hesabu mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo nitaipitia haraka. Tuseme mmenunua hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani mmeikopesha serikali kwa riba, na kwa wastani zinawapa asilimia 12 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 14.4. Igawe kwa miezi 12 upate milioni 1.2 kwa mwezi. Hakuna profesa anayelipwa hivyo, na hapo tumekula riba yote bila kubakiza senti. Sasa ongeza mfumuko wa bei. Hatifungani ya miaka 25 ikiiva, serikali inawarudishia milioni 120 zile zile. Bei zikipanda kwa asilimia 4 tu kila mwaka, milioni 120 za wakati huo zitanunua vitu ambavyo leo mnavinunua kwa milioni 45 hivi. Hiyo asilimia 4 ni ya miaka ya utulivu. Desemba 2011 mfumuko wa bei hapa nchini ulikuwa karibu asilimia 20, na waliokuwa na mifuko ya aina hii wanaukumbuka mwaka ule.

Jambo hili si geni kwetu watu wa pwani, hata kama kwenye vyuo linaletwa na maneno ya kizungu. Sayyidna Umar alipopata ardhi ya Khaybar na kumwuliza Mtume aifanyie nini, aliambiwa akipenda aizuie asili yake na atoe sadaka kile kinachotokana nayo. Ardhi haiuzwi, hairithiwi, haigawiwi, ila mazao yake yanaliwa na waliotajwa. Kwa utaratibu huo mashamba ya minazi na nyumba za Unguja, Mombasa na Lamu zimelisha misikiti na walimu wa vyuo vya Kurani vizazi na vizazi. Zilizokufa zilikufa kwa ugonjwa mmoja: kodi ya nyumba ilitumika yote kila mwaka, paa halikukarabatiwa, na mwishowe wakfu ukabaki ukuta na jina. Mfuko wa pesa nao una paa lake, ambalo ni ile sehemu ya riba mnayoirudisha kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiwamalize.

Waingereza nao wana mfano unaowahusu ninyi watu wa hisabati. Mwaka 1663 Henry Lucas, aliyekuwa mbunge wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliusia inunuliwe ardhi ya kuingiza pauni 100 kwa mwaka za kumlipa profesa wa hisabati. Isaac Newton alikikalia kiti hicho tangu 1669, na Stephen Hawking kuanzia 1979 hadi 2009. Watu huusimulia mfano huu kuonyesha kwamba zawadi nzuri haifi. Mimi nauangalia kwa jicho la mhasibu. Pauni 100 kwa mwaka leo hazimlipi profesa hata siku moja. Kiti kimedumu kwa sababu chuo kimekubali kukibeba kwa fedha nyingine. Kwa hiyo chochote mtakachoandika, kuna siku kitategemea chuo kukipenda. Likumbukeni hilo mnapojadili nani awe na kauli.

Turudi kwenye kigoda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanzishwa 2008, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia. Waliokuwa Mlimani miaka ile hawakumbuki mshahara wa mtu, wanakumbuka ukumbi uliojaa. Mwaka 2009 Wole Soyinka alikuja kutoa mihadhara ya kwanza ya Mwalimu Nyerere, na watu wa mjini wakapanda mlima kwenda kusikiliza. Ndicho ninachotaka mkione: hata kigoda chenye jina kubwa kiasi hicho kiliwagusa watu kupitia wageni na mijadala.

Kuna na sababu ya kiutawala. Kwenye chuo cha umma mshahara wa mhadhiri unatoka Hazina, na nafasi mpya ya ajira inahitaji kibali cha serikali. Ninyi kama wahisani hamwezi kuunda nafasi hiyo kwa kuleta hundi. Kwa vyuo vyetu, fedha za kigoda kwa kawaida zinanunua muda wa profesa aliyeajiriwa tayari: zinalipia msaidizi wa kumpunguzia kusahihisha mitihani, vitabu, safari ya mkutano mmoja, na labda mwanafunzi wa uzamivu. Ni matumizi mazuri, lakini si hicho kundi lenu linachokiona linaposema “profesa alipwe na mfuko wetu”. Marekani kiti cha namna hiyo hugharimu mamilioni ya dola, kwa kuwa chuo hutumia asilimia 4 au 5 tu ya thamani ya mfuko kwa mwaka. Dola milioni 2 zinatoa kama dola 90,000.

Kama bado kuna wanaosisitiza kigoda, wapelekeeni wazo la kigoda cha muda. Afrika Kusini tangu 2006 ina mpango wa serikali wa vigoda vya utafiti, unaoitwa SARChI, ambao hutoa fedha kwa miaka mitano mitano, unapima kazi, kisha unaongeza au unakata. Pale fedha hutumika zote na hakuna anayeahidi milele. Nyie mkitumia milioni 120 kwa miaka mitatu mnaweza kumpa nguvu mhadhiri mmoja kijana kwelikweli, na baada ya hapo mfuko umekwisha. Si jambo la aibu. Ila ni lazima mlichague mkijua, msije mkalifikia kwa kushtukizwa.

Sasa hilo la mgeni, ambalo mimi nalipenda.

Chukua zile hatifungani za asilimia 12. Tumieni asilimia 6, yaani milioni 7.2, na asilimia 6 nyingine irudi kwenye mtaji. Hali ikiendelea hivyo, baada ya miaka 10 mtaji utakuwa karibu milioni 215 na matumizi ya mwaka yatakaribia milioni 13. Hali haitaendelea hivyo kila mwaka, bila shaka. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kutolewa 2021 kuponi yake, yaani riba yake ya mwaka, ilikuwa asilimia 15.95, na mwaka uliofuata ikashushwa hadi 12.56. Ile mliyokwisha kununua haibadiliki, lakini riba mnayoirudisha inanunua kwa bei ya siku hiyo. Ndiyo maana msiandike kwenye hati kwamba mgeni atapewa kiasi fulani cha shilingi. Andikeni asilimia, na iwe asilimia ya wastani wa thamani ya mfuko kwa miaka mitatu, ili mwaka mmoja mbaya usiwafute na mwaka mmoja mzuri usiwaleweshe. Matumizi ya mwaka yakae kwenye kitu kinachotoka haraka, kama vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT, ambao ni mfuko wa uwekezaji wa pamoja, na msinunue hatifungani zote za muda mmoja. Kuponi zinalipwa kila baada ya miezi sita, kwa hiyo mtakuwa na fedha mkononi mara mbili kwa mwaka.

Milioni 7 zinamleta nani? Mtu wa Ulaya kwa muhula mzima, hapana. Mtu wa Nairobi, Kampala, Kigali, Lusaka au Maputo kwa wiki tatu, ndiyo: tiketi, chumba cha wageni cha chuo, posho ya kujikimu ya heshima, na chenji ya kuchapa maandalio. Mimi nadhani huyu ndiye mgeni bora, wala simsemi hivyo kwa kuwa ni wa bei nafuu. Mhadhiri wa Makerere anajua kufundisha darasa la watu 300 lenye maiki moja inayokatika. Na akirudi kwake bado yupo karibu. Mwanafunzi wenu wa uzamili anaweza kupanda basi kumfuata.

Kinachoharibu mipango hii ni mgeni kuwa mapambo. Kwenye chuo kimoja nilichowahi kukishauri, profesa mgeni alitua akiwa na barua nzuri yenye muhuri. Siku ya kwanza mlinzi wa geti hakuwa na jina lake. Ofisi aliyopangiwa ilikuwa na makaratasi ya mtu aliyekuwa masomoni, na funguo alikuwa nazo huyo huyo aliyekuwa masomoni. Wiki mbili alifanyia kazi kwenye meza ya kantini, karibu na soketi. Alitoa mhadhara mmoja, akapigwa picha na viongozi, akapewa kinyago, akaondoka. Fedha zote za mwaka zikawa zimeishia kwenye picha. Hakuna aliyeiba kitu. Ila hakukuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumpokea.

Kwa hiyo hati yenu imtaje mwenyeji: mhadhiri mmoja wa idara, anayeteuliwa na mkuu wa idara kila mwaka, mwenye posho ndogo kutoka mfukoni humo, na ambaye hatalipwa nusu ya pili mpaka mgeni ameondoka na ripoti ya ukurasa mmoja imefika. Huyo ndiye atakayehakikisha ufunguo upo, jina liko getini, akaunti ya maktaba imefunguliwa. Mgeni afundishe kozi fupi yenye mazoezi yanayosahihishwa, na akae na wahadhiri wasaidizi jioni moja moja wakipitia tasnifu zao. Mhadhara wa hadhara katika Ukumbi wa Nkrumah uwepo, familia ialikwe ikae mbele, lakini uwe mmoja. Na aje wakati wa muhula. Kuna watu wazima wenye digrii tatu waliowahi kuleta wageni kwenye likizo ndefu, wakashangaa wanafunzi wako wapi.

Vibali msivichukulie juujuu. Anayekuja kufanya utafiti anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Anayekuja kufundisha ana njia yake, na chuo ndicho kinachomwombea. Asije kwa viza ya utalii kwa sababu tu ni wiki tatu, hata kama ni ndugu yetu wa Afrika Mashariki. Barua ianze kutembea miezi kadhaa kabla.

Nani ashike fedha? Akaunti ya watu watatu iondoeni mapema iwezekanavyo. Siwatuhumu hao watatu. Lakini mmoja atahamia Canada, mwingine ataugua, wa tatu atafariki na benki itaanza kuwaulizia msimamizi wa mirathi kwa pesa isiyo ya marehemu. Njia za kweli ni mbili. Ya kwanza ni kukikabidhi chuo chenyewe fedha kwa hati, kwa sharti kwamba ziwekezwe kando, zisichanganywe na akaunti ya uendeshaji, na mpewe taarifa iliyokaguliwa kila mwaka. Ya pili ni kusajili bodi ya wadhamini RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, kama makanisa na misikiti mingi ilivyofanya. Bodi inakuwa na uhai wake kisheria. Mdhamini akifa au akijiuzulu, mwingine anaingizwa na mali haitikisiki. Gharama yake ni kazi: marejesho, mikutano, mkaguzi wa hesabu, na kutunza mihuri. Kwa mfuko wa ukubwa wenu, bodi inaweza kula sehemu kubwa ya matumizi ya mwaka kwa vikao tu, hasa wajumbe wakianza kudai nauli na chai. Mimi ningechagua chuo, na hati iliyoandikwa vizuri. Kundi lenu likibaki na ari, bodi inaweza kuja baadaye mtaji ukikua.

Na jambo la TRA, Mamlaka ya Mapato: kuitwa mfuko wa hisani hakutoshi. Hadhi ya hisani kwa ajili ya kodi hutolewa na Kamishna baada ya kuombwa, haiji yenyewe kwa jina zuri. Wenye kampuni miongoni mwenu wamwulize mhasibu wao kuhusu unafuu wa mchango kabla ya kutoa, wasiwaulize ninyi baada ya kutoa.

Familia. Hapa nitasema kwa upole lakini nitasema. Mwaka 1991 Chuo Kikuu cha Yale kilipewa dola milioni 20 na mhitimu wake, Lee Bass, kwa ajili ya masomo ya ustaarabu wa Magharibi, pamoja na nafasi za maprofesa. Mambo yakachelewa, mtoaji akataka awe na idhini juu ya walimu watakaoteuliwa, chuo kikakataa, na 1995 fedha zote zikarudishwa. Chuo kilichokubali kurudisha dola milioni 20 kuliko kugawana uteuzi kinawaonyesha mstari uko wapi. Mgeni akichaguliwa na shemeji wa marehemu, hata akiwa hodari, wanahisabati wenzake watamwona mgeni wa familia. Familia inaweza kupewa mambo mengine ya maana: kuandika wasifu wa mwalimu utakaosomwa kila mwaka, kupokea ripoti, kukaa na mgeni kwa chakula, kuwa na mjumbe mmoja asiye na kura kwenye kamati. Kamati yenyewe iwe ya idara, na mhitimu mmoja wenu, na mtu mmoja kutoka chuo kingine.

Kifungu kimoja msikisahau. Rasimu niliyowahi kuletewa na watu wengine ilisema fedha zitumike “milele kwa somo la uchambuzi wa hisabati na si vinginevyo”. Nilimwomba mwandishi afute maneno matatu ya mwisho na kuongeza sentensi: somo hilo likiacha kufundishwa, Seneti ya chuo itaelekeza fedha kwa somo lililo karibu zaidi na nia ya watoaji, baada ya kuwasikiliza. Bila sentensi hiyo, idara ikibadilisha mtaala mfuko unaganda, na kuugandua kunaweza kuwapeleka mahakamani. Chuo Kikuu cha Princeton cha Marekani na ukoo wa Robertson walishtakiana tangu 2002 juu ya zawadi ya dola milioni 35 iliyotolewa 1961, wakibishana kama chuo kilifuata nia ya mtoaji. Walimaliza 2008, na katika mapatano chuo kikakubali kulipa dola milioni 40 za gharama za kesi, pamoja na milioni 50 kwa taasisi mpya. Mfuko wenu ni mdogo, lakini mgogoro hauangalii ukubwa.

Nimeiacha kampuni ya kubeti mwisho kwa sababu najua kuna walioshaanza kupiga hesabu ya milioni 160. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Nottingham kilipokea pauni milioni 3.8 kutoka kampuni ya sigara ya British American Tobacco, kwa ajili ya kituo cha kusomea, tafadhali, uwajibikaji wa makampuni kwa jamii. Mhariri wa jarida la udaktari la BMJ, Richard Smith, aliyekuwa na uprofesa wa heshima pale, akajiuzulu. Kituo kilijengwa, lakini jina la chuo lilitajwa pamoja na sigara kwa muda mrefu. Kwenu ni pagumu zaidi, maana kampuni hiyo inaishi kwa watu wasiojua uwezekano, na mwalimu wenu alikuwa anafundisha nini? Vijana wa Mlimani wanaoweka mkeka kila Jumamosi wataona jina la mwalimu na jina la kampuni kwenye bango moja. Kampuni ikikubali kutoa bila jina, bila nembo na bila nafasi kwenye kamati, jadilianeni nao na chuo kiulizwe. Ikisisitiza jina, waandikieni barua ya shukrani na muikatae.

Kwenye kikao chenu kijacho anzeni kwa kupigia kura swali moja tu, mgeni au kigoda, kisha teueni watu wawili wa kwenda kuonana na mkuu wa idara kabla hamjaandika mstari wowote wa hati. Mara nyingi idara ina hitaji ambalo wahitimu hawalijui. Pengine wanamhitaji mtu wa takwimu kuliko wa uchambuzi. Rasimu ikipatikana nitumieni, nitaisoma.